Nani Kazimega Mega Zetu?

Sisi tuliokulia Ruwi wakati kompyuta ikivishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, hatuhitaji kuelezwa maana ya intaneti kuisha. Watoto wa leo ukiwaambia intaneti ilikuwa ikiisha, wanakutazama kama umewaambia hewa ilikuwa ikiuzwa kwa kilo. Inaisha vipi, Mama? Inaisha, baba wee! Ilikuwa ikiisha kama gesi ya kupikia, tena siku ile uliyoteleka wali na wageni washafika mlangoni.

Kwanza kulikuwa na ile ya kupitia waya wa simu. Unabonyeza, kompyuta inapiga makelele kama paka aliyebanwa mkia na mlango, nyumba nzima inajua Raya kaingia kwenye intaneti. Simu ya nyumbani hapo ndiyo basi tena, anayepiga anakuta laini imeshikwa, na jioni Mama anapokea lawama za ndugu zake wote. Halafu, nilipofika umri wa kuanza kujiona mkubwa, ikaja ile ya kasi, na kisanduku chake cheusi chenye taa za kijani. Tulishangilia kama tuliohamia jumba la kifalme. Hatukujua kwamba wasiwasi ndiyo kwanza unaingia nyumbani, na hautoki.

Maana ile ya kasi ilikuja na fungu la mwezi. Unapewa mega zako, ukizimaliza laini inakatwa, unakaa mpaka mwezi mwengine. Baba alikuwa karani bandarini, Bandari ya Sultan Qaboos, mtu wa kuzima taa chumba alichotoka hata kama anarudi sasa hivi. Bila shaka alichukua fungu dogo kuliko yote. Akatoa na sheria zake: tusome maneno tu, picha tuziache. Ukifungua ukurasa wenye picha nyingi, unamsikia anakohoa kule kwenye kochi, na kile kikohozi si cha mafua.

Neno lenyewe, mega, lilituletea mambo. Bibi yetu, mama yake Baba, alizaliwa Unguja na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko. Masikio yake yalikuwa mazito tangu mie sijazaliwa. Alikuwa akikutazama mdomo tu, na kila unalosema analipata, hata lile usilotaka alipate. Siku moja Baba kasimama katikati ya sebule anafoka, "Mega zinakwenda wapi? Mega zote zimekwisha!" Bibi akautazama mdomo wake, akaitazama sahani ya mkate wa kumimina mezani, akauliza, "Anamega nani? Si mkate huo hapo mzima?" Tulicheka mpaka Baba mwenyewe akakaa chini. Tangu siku ile kwetu intaneti haikutumiwa, ilimegwa. "Raya, umemega leo?" "Nimemega kidogo tu, Baba, ya skuli."

Na maisha mengine yalikuwa matamu, nisije nikasema uongo. Tukirudi skuli, shati limegandana na mgongo, tunashuka basi chini ya jengo letu na kuingia dukani kwa yule Mhindi tuliyemwita Rafiki, kwa sababu yeye alituita hivyo sote. Anakukunjia chipsi za pilipili zilizovunjwavunjwa ndani ya chapati na jibini, unakula huku machozi yanakutoka. Jioni mpira unachezwa baina ya magari, ukiingia chini ya gari unautoa kwa fimbo ya ufagio, na lami bado inaunguza magoti. Leo wanangu wakitaka mpira wanauchezea kwa kidole, wamelala chali. Nikiwaambia tokeni nje, wananiuliza nje kuna nini.

Basi, tuyaache hayo. Mwaka ule joto lilikuwa limeshaanza, Baba akarudi kutoka bandarini kabla ya wakati wake, kashika kifua. Hospitali wakamtazama, wakamtazama tena, ikaamuliwa apelekwe Bara Hindi, na Mama afuatane naye. Bibi aliambiwa anakwenda kupimwa tu. Walimficha ili asije akapata presha naye, tukawa na wagonjwa wawili. Baba akambusu kichwa mama yake, akatoka na begi dogo kama mtu anayekwenda Salala kwa mapumziko. Tukabaki mie, ndugu yangu Khamis aliyekuwa mdogo kwangu, na Bibi. Bi Thuweiba, jirani wa mlango wa pili, akawa anakuja kulala kwetu.

Hazikupita siku nyingi Mama akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia na kunawa uso. Akaniambia nimwambie Bibi ukweli: Baba atapasuliwa kifua siku ya Ijumaa asubuhi. Na Baba hataki kuingia bila kuonana na mama yake uso kwa uso, amwombe radhi. Wa kwetu wanajua. Mtu haendi kukatwa kifua bila radhi ya mama yake, na radhi hazipokelewi na mtu mwengine. Simu ilikuwa haimsaidii Bibi kitu, ukimpa anaigeuza geuza mkononi kama papai analotaka kujua kama limeiva. Kilichobaki ni kompyuta. Hospitali ilikuwa na moja yenye kamera kwa ajili ya wagonjwa wa mbali, na Mama akaiweka oda siku ya Alkhamis, baada ya Alasiri. Kwetu juu ya kompyuta kulikuwa na kamera ya duara, iliyobanwa kwa kibanio. Baba ataonekana, mdomo wake utaonekana, na Bibi atausoma. Usiku ule ule nikamwambia Bibi ukweli wote, neno kwa neno.

Kwa hiyo mega zile zilikuwa si za kuchezea tena. Ningezikalia kama kuku. Nikampiga Khamis marufuku, nikajipiga na mie, nikaifunika kompyuta kwa kitambaa chake na juu yake nikaweka chombo cha kufukizia udi ili yeyote atakayekigusa nimjue. Kujua baki haikuwa lazima kufungua kompyuta. Unapiga nambari kwenye simu, unabonyeza, na mwanamke wa kwenye kanda anakutajia kwa Kiarabu safi zimebaki mega kadhaa. Siku ya kwanza akanitajia za kutosha, na za kuwagaia wengine. Nikala chakula changu kwa raha.

Siku ya pili nikampigia tena. Zimepungua. Nikasema nimesikia vibaya, nikampigia upya, na yeye hana wasiwasi, kasema vile vile. Siku ya tatu zimepungua zaidi. Kompyuta iko pale, kitambaa juu, chombo cha udi hakijasogea hata unywele! Nikamkamata Khamis shingo nyuma ya mlango wa jiko, akaapa wallahi hajaigusa. Nikamwambia aape kwa kitu anachokipenda, akaapa kwa mpira wake, hapo nikamwamini. Bi Thuweiba alipoona ninavyohangaika, akasema kwa sauti ya chini kwamba vitu vinavyopungua bila mtu kuvigusa yeye anavijua, na akaanza kunyunyiza maji ya zamzam pembezoni mwa meza. Nikamvuta mkono kabla hajafika kwenye waya.

Mtasema si mngeongeza tu. Kuongeza alitakiwa mwenye laini aende mwenyewe na kitambulisho chake, na mwenye laini alikuwa kitandani Bara Hindi. Mtasema si mngekwenda duka la intaneti. Lililokuwa karibu lilikuwa juu ya ngazi nyembamba, giza, limejaa vijana wanaopigana risasi kwenye skrini, na Bibi miguu yake ilikuwa ikitaka apumzike baina ya sebule na jiko. Nilifikiri yote hayo, tena darasani, mwalimu wa hesabu ananiita jina na mie simsikii. Nikawa siwezi kula. Kila nikifumba macho namwona yule mwanamke wa kwenye kanda, na hata uso sikuwahi kuuona.

Siku ya Jumatano nikarudi skuli, hata kwa Rafiki sikupita. Nikapiga simu nikiwa bado na begi mgongoni. Baki niliyotajiwa ilikuwa ya kunyang'anyana. Nikakaa chini kwenye zulia nikalia, nalia kwa sauti, na kwa hasira nikaondoa chombo cha udi, nikakivuta kile kitambaa. Ndipo nikaona kwamba kisanduku cheusi nyuma yake kinakonyeza taa zake za kijani, haraka haraka, kama kinachotafuna. Nikaweka kiganja juu ya kompyuta. Ilikuwa ya moto. Muda wote ule ilikuwa inafanya kazi, na kiyoyozi kwa kelele zake kimeimeza sauti ya feni yake. Nikabonyeza, kioo kikawaka. Kwenye kioo ukurasa umefunguliwa, wa msomaji wa Qur'ani, na msomaji yuko kazini. Nikazungusha kile kitufe cha sauti kwenye spika, na sebule nzima ikajaa kisomo.

Khamis akatoka chumbani mbio. Bibi hakusikia, lakini alimwona Khamis anavyokimbia, akaja na yeye, akasimama mlangoni akifuta mikono ya unga kwenye kanga.

"Nani kaifungua hii?" nikamuuliza, nikiutanua mdomo aone vizuri.

"Mie," Bibi akajibu, bila wasiwasi wowote. "Nlimwambia Khamis anifungulie siku ile walipoondoka. Ya baba yenu hiyo."

Khamis akashika kichwa. Alikuwa kasahau kabisa, masikini. Siku ile Bibi alimwambia amtafutie kanda za Qur'ani, na yeye kwa kutaka sifa akamwambia kanda zinaisha, lazima uzigeuze, lakini ya kwenye kompyuta haiishi, inasoma ikimaliza inaanza upya. Bibi akapenda. Isomwe basi, usiku na mchana, mpaka mwanangu arudi. Baadaye Bi Thuweiba akaja kukaa, na Bibi ni mtu wa adabu, huwezi kupiga porojo juu ya maneno ya Mungu. Akakizungusha kitufe mpaka mwisho, akazima na kioo. Lakini kisomo hakukikata, maana Qur'ani haikatwi katikati.

"Sasa mbona huisikii na umeiacha?" Khamis akamuuliza.

"Si ya masikio yangu," akasema. "Ya mwanangu."

Nilikuwa natafuta maneno, Khamis akayatoa yote kwa pamoja, "Bibi, hiyo ndiyo inayomega!"

Bibi akautazama mdomo wake, kisha akautazama wangu, kuona kama nitakanusha. Nikainamisha kichwa. Nikashika panya wa kompyuta ili niufunge ule ukurasa, na Bibi akanidaka mkono.

"Imefika wapi?"

Khamis alikuwa mzuri madrasani. Akasikiliza kidogo. "Al-Baqara, Bibi. Ndo kwanza anaingia."

Jamani! Sura ndefu kuliko zote, na msomaji mwenyewe wa kuvuta, neno moja analizungusha mpaka ukasahau alianzia wapi. Bibi kasema haikatwi kati. Mimi mkono umekamatwa, macho yako kwenye zile taa, kila zikikonyeza naona uso wa Baba unamegwa, jicho hili, shavu lile. Nilitamani kupiga kelele na niliona aibu kutamani, maana ni Qur'ani. Nikamtazama Bibi tu, sijui alisoma nini usoni kwangu. Mkono wake ukalegea. "Mwache amalize aya hii," akasema. Khamis akasikiliza, akainua kidole msomaji alipofika kituo. Bibi akasema, "Sadaqallahu l-Adhim," nami nikafunga, nikazima kila kitu mpaka kwenye ukuta.

Bibi akakaa kwenye kochi la Baba. "Nlidhani namwombea mwanangu," akasema, "kumbe namlia mega zake." Tulimwambia hapana, tukamshika mikono, tukamwambia zimebaki, zitatosha. Hakututazama midomo. Na Bibi asipokutazama mdomo, huna la kumwambia.

Siku ya Alkhamis, baada ya Alasiri, nikawasha. Nilikuwa nishamwekea Bibi kiti mbele ya kioo, na mto wa mgongo, na yeye kavaa leso yake nyeupe ya sala. Nilipomwita, hakuja kitini. Alipita nyuma ya meza, akasimama baina ya kompyuta na ukuta, kwenye misokoto ya waya, pale kamera isipoweza kumwona. "Mie fungu langu nshalila," akasema. "Muoneni nyie baba yenu." Nikamsihi, Khamis akamvuta kanga, alikuwa kajipanda pale kama nguzo.

Na Baba akatokea. Alikuja kwa vipande, kipaji kwanza, halafu macho, halafu lile shati la hospitali la kijani. Mama alikuwa pembeni, nusu bega. Sauti ilikuwa inakatika katika lakini la kwanza alilouliza tulilipata. "Mama yuko wapi?"

"Hataki kuja, Baba," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ya kulia. "Anasema yeye kamaliza mega."

Hakucheka. Akafumba macho kidogo, akayafumbua. Picha ikakwama, ikaenda, ikakwama. Nilijua hatuna muda, sijui kama ni nusu saa au ni pumzi moja. Akasema, "Mwambieni Mama aniwie radhi."

Nikanyanyua kichwa juu ya kioo nikalirudia kwa midomo, bila sauti. Bibi akalisoma. Mashavu yakamtetemeka, na hakusogea. Basi sikufikiri. Nikaing'oa kamera kwenye kibanio chake, nikaigeuza, waya ukavutika mpaka mwisho, nikaielekeza kwake. Bibi alipoliona lile jicho dogo linamtazama, akaelewa. Akaitengeneza leso yake kichwani. Akasema polepole, akiutanua mdomo kama tulivyokuwa tukimfanyia sisi maisha yetu yote, "Nimekuwia radhi, mwanangu. Radhi za duniani na za akhera. Na maziwa yangu nimekuhalalishia."

Kisha zile taa za kijani zikabaki moja, nyekundu. Nilipogeuka kwenye kioo, Baba alikuwa kaganda, kidevu juu, mdomo wazi kidogo. Hukuweza kujua kaganda kabla au baada.

"Kaniona?" Bibi akauliza.

"Sijui, Bibi."

Jioni ile tulikaa karibu na simu, haikulia. Siku ya pili ndiyo ililia, wanaume wanatoka msikitini kusali Ijumaa. Bi Thuweiba ndiye aliyeipokea. Alisikiliza, akaziba mdomo kwa mkono, na Bibi kutoka upande wa pili wa sebule akamwona. Mdomo umezibwa, na aliusoma hivyo hivyo. Baba alifia kwenye chumba cha upasuaji. Naandika hivi miaka imepita, na bado mkono unakataa.

Mama akarudi naye, akazikwa, na nyumba ikajaa wanawake. Bibi alikuwa hajalia. Watu walimwogopa kwa vile alivyokuwa kimya. Mama alipoingia, Bibi akangoja mpaka akae, akamwondoa mtandio usoni kwa mikono yake ili aone mdomo, akamuuliza neno moja tu.

"Aliniona?"

"Alikuona, Mama," Mama akasema. "Tena alicheka. Akasema, mwambieni Mama atoke kwenye hizo waya, atajikwaa."

Bibi akacheka. Alicheka kicheko chake kamili, cha kujipiga paja, mbele ya umati wa watu waliokuja kutoa pole, halafu kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka Magharibi. Sote tulilia, na ilikuwa kama mtu aliyefungua dirisha.

Sasa nakaa Mawaleh, na intaneti ya kwangu haina fungu wala baki. Inamwagika tu, vyumbani, jikoni, mpaka kwenye gari. Wanangu wanampigia baba yao kazini kwa picha, si kwa haja yoyote, na wanapoongea naye simu imelazwa juu ya meza, masikini mwanamume wa watu anazungumza na feni ya darini. Wao wanatafuna, wanagombana, wanamjibu "ehe, ehe" bila kumtazama. Nikipita naichukua simu naiweka mbele ya nyuso zao, nawaambia mtazameni baba yenu. Wananishangaa. "Mama, si tutamwona jioni?"

"Inshallah," nawaambia.

Wanacheka, wanaambiana kwamba mama yao ana wasiwasi. Nnao.